Nani Kaiua Tahajia? Kesi ya Simu, Kutoka Kasulu

Nilikuwa nyumbani Kasulu wiki mbili, nikila maharage mapya na kulala na blanketi mbili. Nyie wa Dar mliozoea feni hamwezi kunielewa.

Siku ya tatu tangu nifike, simu yangu iliita mlio wa ujumbe. Alikuwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ambaye amemaliza chuo cha ualimu na sasa anahangaika kutafuta shule ya kujitolea wakati akisubiri ajira. Aliandika hivi: "Kk vp? nna ishu 1 bt ucnicheke. Nmeandka brua ya kuomba kaz, naomba uipitie xaxa hv kbla cjaipeleka. 2taongea."

Sikumcheka. Jioni alikuja na barua mbili. Moja ilikuwa mpya. Nyingine ilikuwa imerudi kutoka shule moja aliyoomba mwezi uliotangulia, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maneno matatu tu: "Mwalimu wa Kiswahili?" Na hiyo alama ya kuuliza ilikuwa kubwa kuliko maneno yenyewe.

Mama mdogo hakuhitaji uchunguzi. "Simu hiyo," alisema huku akielekeza kidole kwenye mkono wa binti yake. "Usiku kucha anabonyeza. Unategemea ataandika nini?"

Hukumu hiyo mmeisikia mahali pengi: walimu, wazee, hata sisi waandishi wa habari tukiishiwa mada. Vijana hawajui kuandika kwa sababu ya simu. Nami niliikubali kwa miaka bila kuihoji. Lakini usiku ule nilikaa na ile barua iliyorudishwa, nikachukua kalamu na kuhesabu makosa. Yalikuwa 17. Sita yalikuwa ya kuchanganya "r" na "l": kuerimisha, maadiri, kufauru. Matano yalikuwa ya kuunganisha maneno yanayopaswa kuachana: kwasababu, kwahiyo, namimi. Matatu yalikuwa ya kudondosha "h": apo, ivyo, iyo. Matatu yaliyobaki yalikuwa zamira, zumuni na garama.

Sasa tazameni tena. Hakuna "xaxa" hata moja. Hakuna "2ta", hakuna "cjui", hakuna "kbs". Binti anayeandika "ucnicheke" kwenye simu aliandika "usisite" kwenye barua bila kukosea herufi. Kwa hiyo mshitakiwa wetu, kama kweli ni muuaji, hakuacha alama za vidole mahali pa tukio.

Hapo ndipo udaku wa kihabari uliponishika. Nikaomba lile sanduku la bati la marehemu babu.

Babu yangu alikwenda mkonge, kama vijana wengi wa Uha wa wakati ule. Mkoa wa Kigoma ulikuwa kisima cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tangu mwaka 1944 palikuwa na shirika la wenye mashamba, SILABU, lililoandikisha watu huku bara na kuwasafirisha kwa mkataba. Ndio hao walioitwa manamba. Babu alikuwa Tanga katikati ya miaka ya 50, na alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Lakini barua zake za wakati ule zipo nne, na zimeandikwa vizuri ajabu! Mwandiko wa mlazo, dh na gh mahali pake, "ghadhabu" imeandikwa kama inavyotakiwa. Bila shaka hakuziandika yeye. Palikuwa na watu kambini waliowaandikia wenzao barua kwa malipo, na huyu wa babu nadhani alikuwa mtu wa pwani. Kitu kimoja tu kingemtia matatani leo: aliandika "nina ku julisha" kwa vipande vitatu.

Halafu kuna barua ya mwaka 1976. Hii ni ya babu mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mama yangu aliyekuwa shule ya bweni. Kati ya barua hizi mbili kuna mambo makubwa: uhuru, Operesheni Kigoma ya 1972 iliyowahamisha watu kwenda vijijini, na kisomo. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kama watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kuwa wamebaki chini ya 10. Babu yangu ni mmoja wa hizo namba. Alishika kalamu ya risasi akiwa na zaidi ya miaka 40, chini ya mwembe, baada ya kutoka shamba.

Na anaandikaje? "Reo mvua imenyesha sana hatukwenda kurima." Anaandika "garama ya shure". Anaandika "iyo hera nimetuma." Mdogo wangu alikuwa ameinama pembeni yangu akisoma. Akacheka. Kisha akanyamaza, akaivuta barua yake mwenyewe na kuziweka mbili zile sambamba mezani.

Makosa yaleyale! Miaka mingi kabla ya simu ya mkononi kufika Kasulu, babu alikuwa tayari ameyafanya. Sababu yake haikuwa betri wala vocha, ilikuwa sikio. Nyumbani kwetu bibi husema "kurima" kwa Kiha, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka husema hivyo hivyo kwa Kirundi. Mtoto anayekua akisikia r pale Mswahili anapotamka l, hawezi kupata tofauti hiyo kwa kubahatisha. Lazima mtu amfundishe, amsahihishe, amrudishe tena. Babu alipata kisomo cha jioni. Mdogo wangu alipata miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, na chuo. Swali langu likahama kutoka kwenye simu kwenda kwenye hiyo miaka.

Lakini ngoja kwanza, tuitendee haki historia, maana neno lenyewe "tahajia" tunalitumia kama vile lilishuka na mvua.

Waswahili wa pwani waliandika lugha yao kwa hati ya Kiarabu muda mrefu kabla ya kuja kwa herufi za Kirumi. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Upo mswada wa Utendi wa Tambuka wa 1728. Hati ile haikuwa na herufi ya p, wala ch, wala v, wala g ya "gari". Waandishi wengi walitumia herufi moja, ba, kwa b, kwa p, na hata kwa mb. "Bata" na "pata" ziliweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akajua mwenyewe kutokana na maana kama anazungumziwa ndege au anaambiwa apokee. Mnaona? Kumwachia msomaji kazi ya kujazia hakukuanza na kijana wa Kariakoo mwenye Nokia. Masheikh wetu walifanya hivyo, tena kwenye tenzi za dini.

Herufi za Kirumi zilikuja na watu wawili hasa. Krapf alifika Mombasa 1844 na kamusi yake ikachapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Edward Steere alifika Unguja 1864, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Tahajia tunayotumia leo, kwa sehemu kubwa, imekaa juu ya mabega ya huyo Steere. Wajerumani nao walipokuja waliandika kwa masikio ya kwao: Muansa, Udjidji, Kilimandscharo. Kama wangebaki, pengine leo ningekuwa naandika "tschai". Waingereza walipochukua nchi, wakaona kila mkoloni na kila misheni inaandika kivyake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Ndiyo iliyoamua kipi kiandikwe pamoja na kipi kiachane, na vitabu vya shule vilipita mikononi mwake. Wengi wa waliokuwa wakiamua hawakuzaliwa na Kiswahili midomoni.

Sisemi haya ili tuitupe tahajia. Mimi naishi kwa kuandika, tahajia ndiyo jembe langu. Nasema tu kwamba mwandishi wa barua wa babu, aliyegawa "nina ku julisha", huenda hakuwa mjinga hata kidogo. Vitabu vingi vya kizamani viligawa maneno hivyo. Kosa la leo lilikuwa usahihi wa jana, na mdogo wangu na "kwasababu" yake huenda ana kesi ya rufaa mbele ya wajukuu zetu. (Msimwambie nimesema hivyo.)

Haya, turudi kwa mshitakiwa.

Ujumbe mfupi ulizaliwa na kipimo. Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, mhandisi Friedhelm Hillebrand, alikaa kwenye taipureta yake mjini Bonn akiandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi. Akaona karibu zote zinatosha ndani ya 160. Ndipo kipimo hicho kikawekwa. Kiswahili, chenye maneno ya kushikamana kama "hawatakusaidia", hakikuwepo mezani pale. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Huku kwetu kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, lakini simu zilisambaa mikoani baada ya kuingia Vodacom mwaka 2000 na Celtel 2001.

Mimi nilipata simu 2009, likizo ya kidato cha pili, simu ya tochi iliyokuwa ya mjomba. Kuchaji ilikuwa kwenye duka lenye jenereta, unaiacha asubuhi na kufuata jioni. Mtandao ulipatikana vizuri ukipanda kilimani, kwa hiyo kila jioni kilima kilijaa watu wamesimama kama wanasali, kila mmoja na simu yake juu. Vocha ya kukwangua uliigawa kwa hesabu: kupiga ni anasa, kubip ni bure, meseji ndiyo maisha.

Na hapo nataka niwaonyeshe kitu ambacho nimekikokotoa mwenyewe, chukueni simu ya vitufe mhakikishe. Kitufe cha 7 kina p, q, r, s. Ili upate "s" unabonyeza mara nne. Kitufe cha 9 kina w, x, y, z, na "x" unaipata kwa mara mbili. Neno "sasa" linagharimu mibonyezo kumi. "Xaxa" ni sita! Watu wazima walidhani ni wazimu wa ujana kuandika x mahali pa s, maana herufi ni zilezile nne, hakuna kilichofupishwa. Kumbe kidole kilikuwa kinapumzika. "Si" ni mibonyezo saba, "c" ni mitatu. Ndiyo ikaja "cjui" na "cku". Lakini "2" kwa "tu" haikuokoa kidole, kwa sababu "tu" ni mibonyezo mitatu tu. Hiyo iliokoa nafasi ndani ya zile 160.

Kingine cha kuchekesha: "c" kusomwa "si" na "2" kusomwa "tu" ni Kiingereza. Kamati ya 1930 ilikuwa na Kiswahili kisichohitaji c peke yake, wala q, wala x. Miaka 70 baadaye mtoto wa Kasulu anazirudisha kwa mlango wa nyuma, kwa majina yake ya Kiingereza, kuandika Kiswahili. Mtu asiyejua kwamba "sijui" ina silabi tatu, si-ju-i, hawezi kuandika "cjui".

Sasa, r na l? L ni mbonyezo wa tatu kwenye kitufe cha 5. R ni mbonyezo wa tatu kwenye kitufe cha 7. Sawasawa! Simu haikumpa mtu yeyote sababu ya kuandika "reo". Kwa makosa sita kati ya 17, mshitakiwa yuko huru. Kwa "apo" na "ivyo" siwezi kumwachia moja kwa moja, maana h inagharimu mibonyezo miwili na watu wengi waliiacha. Babu aliiacha pia bila simu, lakini nakiri kwamba simu ilimpa mdogo wangu mazoezi ya kila siku ya kosa alilokuwa nalo tayari.

Wenzetu Uingereza walipitia kelele hizi mapema. Mwaka 2007 mtangazaji John Humphrys aliwaita waandishi wa meseji waharibifu wa lugha. Mwaka uliofuata mwanaisimu David Crystal akatoa kitabu kizima kupinga hofu hiyo, akionyesha kuwa vifupisho ni sehemu ndogo tu ya maneno ya meseji. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, Beverly Plester na Clare Wood, waliwapima watoto wa miaka 10 mpaka 12 na kukuta kwamba waliotumia zaidi lugha ya meseji walielekea kusoma maneno vizuri zaidi. Coventry si Kasulu, na tahajia ya Kiingereza ni msitu tofauti kabisa. Lakini nilipokuwa nikisoma nilikumbuka mambo yetu wenyewe.

Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba ukiwapa watoto hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kuisoma. Watoto wa miaka tisa, vijijini, mwaka 2010: wangapi walikuwa na simu? Mwaka 2012 serikali ikakiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walifaulu mtihani! Na mwaka huohuo wa 2012 mtihani wa darasa la saba ukaanza kusahihishwa kwa mashine: mtoto alichagua herufi na kusiriba. Ulimaliza miaka saba ya shule, na siku ya mwisho hakuna aliyekuomba uandike sentensi moja.

Nilimuuliza mdogo wangu: mara ya mwisho kufanya imla ni lini? Akafikiri. "Darasa la tatu, nadhani. Halafu tukawa wengi." Darasani kwao walifika 90 na kitu. Mwalimu mmoja, madaftari 90, kalamu moja nyekundu. Hesabuni nyie.

Nisijifanye msafi. Habari yangu ya kwanza niliyopeleka chumba cha habari ilikuwa na "bdae" katikati ya aya ya pili, kuhusu kikao cha madiwani. Mhariri hakusema kitu. Aliizungushia duara na kuibandika ukutani wiki nzima. Kwa hiyo najua simu huvuja. Ila ile "bdae" iliponyoka kwa sababu ya haraka. Nilijua kuandika "baadaye". Mdogo wangu alikuwa hajui kwamba "gharama" ina h. Hayo ni magonjwa mawili, na mama mdogo alikuwa anataka kuyatibu kwa dawa moja: kumnyang'anya binti wa miaka 23 simu.

Kuna hasara nyingine ambayo sijawahi kusikia ikilalamikiwa, nayo mimi inaniuma. Barua ya babu inaanza kwa salamu mistari sita. Hali yako, hali ya wenzako, sisi huku hatujambo isipokuwa bibi yako anasumbuliwa na goti, mvua, ng'ombe; ndipo inakuja "dhumuni la barua hii", ambalo aliandika "zumuni", kama mjukuu wake. Meseji haikuwa na nafasi ya hayo yote. "Vp, nna ishu 1." Na sasa hata meseji inakwisha: mama mdogo anatuma sauti kwa WhatsApp, dakika nne, na salamu zote zimerudi, goti na mvua ndani yake, bila herufi hata moja.

Tulikaa siku nne na ile barua. Sikumwandikia. Nilimsomea kwa sauti, yeye akaandika, nikasahihisha, akaandika tena. Mara ya tano haikuwa na kosa. Mama mdogo alipita akatuona, akasema "Hee, mmerudi darasa la tatu," akaendelea na kuchagua maharage.

Wiki iliyopita nikiwa nimesharudi mjini nikapata ujumbe: "Kk wamenkubali! Xhule nyingne cyo ile. Wamenpa la 3, wa2to 84. J3 naanza na imla. Ni2mie maneno 20 ya r na l."

Nikamtumia. Kula, kura, kulala, lori, mlima, gari, leo na mengine, yote 20, kwa herufi kamili, na salamu mwanzoni, na kumuulizia goti la bibi.

Akajibu: "Thx. Mbna umeandka km babu?"